Nilijifungua wiki ya 30, mtoto hakukaa. Sasa nina wiki 20, nijipange vipi?

DagaaWaUvinza

Habari zenu wadau. Naandika kutoka kijiji cha ziwani, wilaya ya Uvinza, kusini huku ambako ukitaka kwenda Kigoma mjini unapanda boti. Kazi yangu ni dagaa: nanunua kwa wavuvi, naanika, napeleka Ujiji.

Mwaka juzi nilikuwa na mimba ya kwanza. Ilipofika wiki ya 30 kwa hesabu ya kadi nikashikwa homa. Nikameza panadol, nikaendelea kugeuza dagaa juani. Usiku wa tatu nikahisi kama nimejikojolea. Mama mkwe akasema ni mkojo, mtoto kakandamiza kibofu. Kulipokucha maji bado yanatiririka, nikaenda kituo fulani. Wakanipima kwa kidole, wakasema njia haijafunguka, nirudi nyumbani. Nikarudi. Kesho yake jioni tumbo likaanza kukaza.

Boti tuliipata saa 4 usiku, ziwa limechafuka. Nilijifungua kabla hata hatujaziona taa za Ujiji. Mtoto wa kiume, akalia kidogo kama paka. Mama mmoja abiria akamfunika kanga yangu, nayo ilikuwa imelowa. Hospitali walimpima kilo 1.2. Alihangaika kuhema siku mbili.

Sasa nina mimba tena, wiki 20. Dada mmoja anasema nikafungwe kizazi kwa uzi. Mama mkwe anataka nilale tu, nisiinue hata ndoo. Nimesikia kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, lakini jirani kaapa kwamba zinaua. Kliniki nimeenda mara mbili, SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, nimepewa mara moja, utrasaundi sijapiga. Nishike lipi?

MamaPacha_Kasulu

Pole sana dada. Wangu walikuja wiki ya 33, kilo 1.5 na 1.3, leo wanakimbizana na mbuzi. Sijui kuhusu uzi. Ninachojua ni kangaruu. Mtoto anakaa kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi tu, unamfunga kwa kitenge hadi mjisikie mtu mmoja. Nilikuwa nao wawili, nikabaki na mmoja, mwingine akabebwa na baba yao. Wazee wa mtaani walimcheka wakachoka wenyewe. Maziwa nilikamua kwa mkono kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku, wakalishwa kwa mrija, baadaye kwa kikombe. Siku ya kwanza nilipata matone ya kujaza kifuniko cha soda. Nesi akaniambia hayo manjano usiyamwage hata tone.

BabaWawili

Msikilize mama mkwe. Mke wangu alilazwa kitandani miezi minne nyumbani, hakugusa jembe, akajifungua wiki ya 38. Kitanda ndiyo dawa.

BibiMkunga_Tabora

Mwangaluka, mwanangu wa Uvinza. Pole kwa huyo wa kiume.

Mimi nimekuwa mkunga miaka 34, mwanzo zahanati za Sikonge na Kaliua, mwisho wodi ya wazazi ya hospitali kubwa. Sasa nimestaafu, nina mizinga 12 ya nyuki na muda wa kuandika marefu, kwa hiyo vumilia.

Ungekuja kwangu, nisingeanza na uzi wala sindano. Ningekuuliza: hizo wiki 20 kakuhesabia nani? Huku kwetu mama anakwambia hedhi ya mwisho aliiona "tulipokuwa tunapanga majani ya tumbaku kwenye bani". Sasa bani, lile banda la kukaushia, inachoma kwa wiki ngapi! Mkunga anashika tumbo, anakisia, anaandika namba kwenye kadi, na namba ikishaandikwa inakuwa kama Msahafu. Mimi niliwahi kushika tumbo la mama mmoja aliyekuja na uchungu usiku, likawa kubwa, nikasema wiki 35 hizi, acha azae. Kumbe pacha, wiki 30. Hawakupata sindano hata moja. Wa pili hakufika asubuhi. Yule mama alikuwa na gauni la maua ya njano, na mpaka leo nikiliona gauni la namna hiyo sokoni nageuza njia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni utrasaundi, na iwe sasa, kabla ya wiki ya 24. Mapema ndiyo inahesabu vizuri. Ukienda mimba imekua sana mashine inaweza kukosea hata wiki 2 au 3, kwa sababu hapo watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa. Mtoto anaitwa njiti akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, lakini kwenye maamuzi mengi ya wodini mpaka wetu ni wiki 34. Usipojua uko upande gani wa mpaka, hata daktari bingwa anabahatisha.

La pili ni ile homa. Panadol inashusha joto, mdudu wa malaria inamwacha pale pale. Anakwenda kujificha kwenye kondo la nyuma, mahali mtoto anapopatia chakula na hewa, na kwa mwenye mimba ya kwanza ndiyo anapenda kabisa kukaa humo. Mtoto anadumaa, au uchungu unaanza kabla ya wakati. Kigoma na Tabora malaria ni ya kwetu, tusijidanganye. Sikuoni, sikukupima, siwezi kusema ndiyo iliyompeleka mwanao. Inaweza kuwa mkojo mchafu, inaweza kuwa maambukizi mengine. Ila SP moja kwa wiki 20 ni kidogo. Inaanza wiki ya 13, halafu kila unapokwenda kliniki, mradi imepita angalau mwezi mmoja, hadi unajifungua. Imeze pale pale mbele ya nesi. Kama unatumia septrin kila siku, sema, kwa sababu hizo mbili hazichanganywi. Chandarua kila usiku. Homa ikija tena, upimwe siku hiyo hiyo, dagaa waharibike. Omba pia kipimo cha mkojo hata kama huungui ukikojoa, cha kaswende, na cha wingi wa damu.

Uzi sasa. Uzi ni kwa mwanamke ambaye mlango wa kizazi unafunguka kimyakimya, bila uchungu, mimba inatoka miezi ya minne au mitano, mara ya pili, mara ya tatu. Huyo tunamshona mapema, wiki ya 12 hadi 14. Historia yako haiko hivyo. Wewe ilianza homa, yakaja maji, ndipo uchungu. Lakini ukienda utrasaundi waambie umewahi kuzaa njiti, wakupime urefu wa mlango wa kizazi. Kwa mwenye historia kama yako, ukikutwa mfupi kuliko milimita 25 kabla ya wiki 24, basi daktari ataongea na wewe habari ya uzi au dawa ya projesteroni ya kuweka ukeni. Ukikutwa mrefu, huyo dada wa uzi mshukuru, mwache.

BabaWawili, usinichukie. Mkeo huenda angefika 38 hata angekuwa anacheza ngoma. Kulala miezi hakujaonekana kuzuia njiti, na kunaleta damu kuganda miguuni. Ila kulala kitandani na kuacha kubeba gunia la dagaa ni mambo mawili tofauti. Gunia waachie vijana.

Naendelea chini, simu inaishiwa chaji.

TabibuKijana

Naomba niongezee kuhusu maji, maana hapo ndipo makosa yanatokea sana, hata kwetu watoa huduma. Chupa, yaani mfuko wa maji ya mtoto, ikipasuka kabla ya wiki 37 na uchungu haujaanza:

Mama hapimwi kwa kidole. Kila kidole kinachoingia kinapandisha vijidudu na kufupisha muda uliobaki. Anachunguzwa kwa spekulamu safi, kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane. Hata akikutwa hajafunguka, harudishwi nyumbani hivi hivi: anapewa rufaa au analazwa. Antibayotiki ni erithromaisini, kwa kawaida siku 10. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki tunaikwepa, kwa sababu imehusishwa na kuoza kwa utumbo wa njiti. Kama chupa haijapasuka, ni uchungu tu umeanza na hakuna dalili ya maambukizi, antibayotiki hazisaidii.

Kupunguza uchungu kuna nifedipini, kwa muda usiozidi saa 48, ili sindano zifanye kazi na mama afike hospitali. Haitolewi kama kuna maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi au kondo linaachia na kutoa damu. Chini ya wiki 32, kama kujifungua kumekaribia, tunatoa pia magneziamu salfeti kulinda ubongo wa mtoto. Ni ile ile ya kifafa cha mimba.

DagaaWaUvinza

Bibi na daktari, nimesoma mara tatu. Kwa hiyo tangu maji yalipovuja hadi tumbo lilipokaza, nilikuwa na muda?

BibiMkunga_Tabora

Ulikuwa nao, mwanangu. Sitakudanganya kwa sababu ya huruma. Toka usiku ule hadi kesho yake jioni ni kama saa 40. Sindano za mapafu ziko 4, kila baada ya saa 12, kwa hiyo ya nne inaangukia saa ya 36. Hata ukipata moja tu kabla hujajifungua, ni afadhali kuliko kukosa. Lakini ubebe na hili: wewe ulikwenda kituoni, ukaonyesha maji. Aliyekuwa na kazi ya kujua zile saa zina maana gani hakuwa wewe.

Mimba ikishaamua kutoka mapema, mara nyingi hatuna dawa ya kuirudisha. Tunachoweza ni kuvuta saa, siku mbili hivi, na kuzitumia. Sisi wakunga wa zamani tulikuwa tunahangaika na mtoto baada ya kuzaliwa, kumpulizia, kumkanda. Kazi kubwa ilikuwa imeshatupita akiwa bado tumboni.

Hizo sindano zimetokana na kondoo. Daktari mmoja wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa anatafuta kitu kinachoanzisha uchungu, anawachoma wana-kondoo dawa wakiwa tumboni. Mmoja akazaliwa mapema mno, wa kukutwa amekufa, kumbe yuko hai anahema. Mapafu yake yalikuwa na ute ule unaozuia vifuko vya hewa visigandane, ambao njiti hajautengeneza wa kutosha. Mwaka 1972, yeye na mwenzake Ross Howie wakatangaza matokeo kwa wanawake. Mimi nilipoanza kazi, zahanati yetu hakuna aliyekuwa amezisikia. Sasa deksamethasoni, ndiyo dawa ya sindano hizo, ni ya bei ndogo, iko hadi vituo vingi vya afya.

Jirani yako hajatunga kila kitu. Utafiti uliotolewa 2015, uliofanyika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ulisambaza sindano hizi hadi vijijini kabisa. Wengi waliochomwa hawakuwa wa kuzaa njiti, hesabu zilikuwa zile zile za kukisia. Vifo vya vichanga kwa jumla havikupungua, viliongezeka kidogo, na akina mama walipata maambukizi zaidi. Shirika la Afya Duniani likarudia, safari hii hospitalini, utrasaundi ipo, wiki ya 26 hadi kabla ya 34, huduma ya kichanga ipo. Matokeo yalitoka 2020, Kenya na Nigeria zimo. Kwa kila akina mama 25 waliopewa, kichanga mmoja aliponea hapo. Dawa ile ile! Ndiyo maana nakuganda na utrasaundi. Ndiyo maana pia sitaki kusikia umenunua deksa duka la dawa ukajichoma "kwa tahadhari". Nimewaona akina dada wanaimeza ili wanenepe, nisiseme zaidi.

Sasa boti. Mimi ni mtu wa nchi kavu, ziwa lenu naliogopa, lakini najua hili: mtoto wa wiki 30 anasafiri vizuri zaidi tumboni kuliko kwenye kanga. Usingoje dalili ukiwa kijijini. Ikifika wiki ya 27 hivi hama, kaa karibu na hospitali ya mkoa, Maweni, hata kwa kubanana kwenye chumba cha ndugu. Namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, haina malipo, iandike kwenye simu yako, ya mume na ya mama mkwe. Kabla ya hapo, tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara, kiuno kikiuma kwa mawimbi, ukivuja maji, ukiona damu, au homa, unaondoka saa hiyo hiyo. Maji hayana harufu ya mkojo na huwezi kuyabana. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu.

Na ikitokea tena mtoto akakuwahi njiani, Mungu apishie mbali: kausha haraka kwa kitu kikavu, toa kile kilicholowa, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kichwa kifunikwe, nyote mfunikwe kwa juu. Kitovu kisiharakishwe kukatwa, dakika moja angalau. Njiti anakufa kwa baridi hata Tabora ya mwezi wa kumi, hana mafuta chini ya ngozi. MamaPacha ameeleza kangaruu kuliko mimi. Zamani tulisubiri mtoto atulie kwanza ndipo tumpe mama. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulioonekana 2021, ulikuta kwamba kuanza mara tu anapozaliwa, hata kabla hajatulia, kunapunguza vifo kwa robo. Tulikuwa tunawanyang'anya mama zao kwa nia njema.

BabaWawili

Bibi nimekusikia. Mke wangu anasoma hapa pembeni anacheka.

DagaaWaUvinza

Nimerudi baada ya siku 11, mtandao kwetu unategemea upepo.

Nilipanda boti ya Alhamisi, nikalala kwa wifi yangu Mwanga, hapo Kigoma mjini, asubuhi nikaenda kupiga utrasaundi. Mimba ina wiki 18 na siku 4. Siyo 21 kama kadi ilivyokuwa inasema wiki hiyo. Mtoto mmoja, anarusha mateke. Nilipomwambia yule dada wa mashine kuwa nimewahi kuzaa njiti akageuka akaniangalia vizuri, akapima na mlango wa kizazi: milimita 37. Kasema uzi hauhitajiki, nirudi baada ya wiki mbili apime tena. Malaria hakuna. Mkojo umekutwa na maambukizi na wala sikuwa nasikia chochote, nimepewa dawa ya siku 7. SP ya pili nimemeza kliniki.

Mama mkwe nilimsomea yote ya bibi, hadi ile ya kwa adabu. Alikaa kimya. Jioni nikamkuta kichanjani anageuza dagaa wangu, kasema hadi nitakaporudi na mtoto hiyo kazi ni yake. Kunilaza bado anataka kunilaza.

Swali moja limebaki. Wiki ya 27 ya kuhamia Mwanga niihesabu kwa kadi au kwa mashine? Zinapishana kama wiki tatu, na chumba cha wifi kina wapangaji hadi mwezi ujao.

TabibuKijana

Kwa mashine. Utrasaundi ya wiki 18 ikipishana na kadi kiasi hicho, tunafuata utrasaundi. Omba tarehe mpya ya matazamio iandikwe kwenye kadi na ile ya zamani ikatwe kwa mstari, ili wa zamu ya usiku asichanganye.

BibiMkunga_Tabora

Na ile karatasi ya utrasaundi ishikizwe ndani ya kadi kwa pini. Gundi inaachia kwenye boti.